Solomon Eliufoo: Mwalimu wa Machame Aliyekabidhiwa Shule Zilizogawanywa kwa Rangi

Tarehe 1 Januari 1962, siku 23 baada ya Tanganyika kupata Uhuru, ilianza kutumika Sheria ya Elimu iliyotungwa mwaka uliotangulia. Hadi siku hiyo nchi ilikuwa na mifumo mitatu ya shule: wa watoto wa Kizungu, wa watoto wa Kiasia na wa watoto wa Kiafrika. Kila mfumo ulikuwa na majengo yake, walimu wake na kiwango chake cha fedha. Sheria mpya iliifuta yote mitatu na kuweka mmoja. Maandalizi yake yalifanyika Oscar Kambona akiwa Waziri wa Elimu. Kazi ya kuifanya sheria hiyo iwe kweli madarasani iliangukia mikononi mwa mtu aliyeshika wizara hiyo mwaka 1962, marehemu Solomon Nkya Eliufoo, mwalimu kutoka Machame, mkoani Kilimanjaro.

Eliufoo alizaliwa katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Machame ilikuwa imepokea wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig tangu mwaka 1893, na shule zilikuwa zimeota mizizi katika mteremko wa mlima mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Kahawa nayo iliwapa wazazi fedha za kusomesha. Hata hivyo, zao hilo lenyewe lilikuwa somo la ubaguzi. Walowezi wa Kizungu walipinga Wachagga kulima kahawa, na ilibidi wakulima waanzishe chama chao mwaka 1925 ili kulinda haki hiyo. Chama hicho ndicho kilichofuatiwa mwaka 1933 na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro, KNCU.

Kijana huyo alisoma hadi Chuo cha Makerere, Uganda, kilele cha elimu kwa Mwafrika wa Afrika Mashariki wa wakati wake. Lakini kufika kileleni hakukumaanisha kulingana na wengine. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, utumishi wa serikali za Afrika Mashariki uliongozwa na kanuni ya tatu kwa tano: mtumishi asiye Mzungu, hata akiwa na sifa sawa na kazi sawa, alilipwa sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Ngazi hizo za mishahara zilikuja kuachwa rasmi baada ya Tume ya Lidbury kutoa taarifa yake mwaka 1954. Kwa kizazi cha wasomi wa Makerere, ubaguzi ulikuwa tarakimu iliyoandikwa katika hati ya malipo ya kila mwezi.

Baada ya kufundisha, Eliufoo alikwenda Marekani katika miaka ya 1950 na kujiunga na Chuo cha Bethany, katika mji mdogo wa Lindsborg, jimbo la Kansas. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1881 na Walutheri wenye asili ya Sweden, watu wa imani ileile iliyokuwa imejenga shule za Machame.

Kansas haikuwa jimbo la Kusini, ambako sheria zilitenganisha watu weusi na weupe karibu kila mahali. Hata hivyo, sheria yake ya mwaka 1879 iliruhusu miji yenye wakazi zaidi ya 15,000 kutenganisha watoto wa shule za msingi kwa rangi. Topeka, makao makuu ya jimbo hilo, ulikuwa mmoja wa miji iliyofanya hivyo. Wazazi weusi wa Topeka walifungua shauri, na tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha watoto wa shule za umma kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Mahakama ilitambua kwamba kumtenga mtoto kunamjengea hisia ya unyonge, hata kama majengo na vitabu vinalingana.

Wanafunzi wa Kiafrika waliosoma Marekani wakati huo walikutana na jambo la kushangaza. Mara nyingi mwanafunzi aliyejulikana kuwa mgeni kutoka Afrika alikaribishwa kanisani na mezani, lakini akidhaniwa kuwa Mmarekani mweusi aliweza kukataliwa chakula hotelini. Ngozi ilikuwa ileile. Hivyo waliona waziwazi kwamba heshima waliyopewa haikuwa haki yao, bali ni fadhila ya mwenyeji, nayo ingeweza kuondolewa wakati wowote.

Aliporejea, Eliufoo aliingia katika siasa ambazo nazo zilihesabu watu kwa rangi. Katika uchaguzi wa mwaka 1958, kila mpiga kura alilazimika kuchagua wagombea watatu kwa pamoja: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Mfumo huo wa kura tatu uliwapa viti sawa Wazungu wachache na mamilioni ya Waafrika. TANU ilikubali kushiriki baada ya mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kisha ikautumia mfumo huo kuuvunja. Katika Jimbo la Kaskazini alichaguliwa Eliufoo pamoja na Sophia Mustafa na Derek Bryceson, Mwafrika, Mwasia na Mzungu waliosimama upande mmoja. Mwaka 1959 Eliufoo akawa miongoni mwa mawaziri watano wa kwanza waliotokana na wabunge wa kuchaguliwa.

Kilimanjaro nako kulikuwa na mjadala wa usawa. Mwaka 1960 Wachagga walipiga kura kuamua kama wabaki na Mangi Mkuu au wawe na kiongozi wa kuchaguliwa kwa kipindi maalumu. Waliamua la pili, na Eliufoo akawa Rais wa Wachagga. Aliyepinga cheo kutolewa kwa rangi hakuweza kutetea cheo cha maisha.

Akiwa Waziri wa Elimu, alikuta kwamba sheria hufungua mlango, lakini haimfikishi kila mtoto mlangoni. Shule zilizojengwa kwa ajili ya Wazungu zilikuwa na vifaa bora na ada kubwa, hivyo rangi ilipoondolewa ada iliendelea kuwachuja watoto. Kuanzia Januari 1964 Serikali ilifuta ada za shule za sekondari. Wanafunzi wa sekondari, waliokuwa 11,832 mwaka 1961, walifikia 25,000 mwaka 1967. Wa kidato cha sita waliongezeka kutoka 176 hadi 830. Shule ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George ya Iringa, iliyofunguliwa mwaka 1959 kwa watoto wa Kizungu, iligeuka kuwa Sekondari ya Mkwawa na leo ni chuo kikuu kishiriki cha kufundisha walimu.

Mtihani mgumu zaidi ulitoka kwa wasomi wenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo makato ya asilimia 40 ya mshahara. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, na Rais Nyerere akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Tukio hilo lilionyesha kwamba upendeleo ukishaondoka kwenye rangi unaweza kuhamia kwenye cheti. Machi 1967 ilitolewa sera ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule ijenge moyo wa usawa badala ya kuzalisha kundi jipya la wateule.

Leo katika kata ya Pasua, Manispaa ya Moshi, mtoto huandikishwa shule ya umma bila mzazi kuulizwa rangi yake. Tangu mwaka 2016 haulizwi ada pia, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na tangu mwaka wa fedha 2022/23 hadi kidato cha sita. Vijana wanaokwenda vyuo vya ng'ambo bado hukutana na ubaguzi, na wanapaswa kuandaliwa kuutambua na kudai haki zao. Wale wanaobaki nchini wana swali jingine, ambalo maisha ya Eliufoo yanaliacha mezani: ni nani leo anayebaki nje ya darasa, na ni faida ya nani?