Halsted: Daktari mraibu aliyeanzisha mfumo wa madaktari kukesha

Ukipewa rufaa kutoka Kimali au Bariadi kwenda Bugando, Mwanza, huenda daktari utakayemkuta wodini usiku ni yule anayesomea ubingwa. Anatibu huku anasoma, na asubuhi anatakiwa awepo tena. Mfumo huu wa kusoma ukiwa zamu ulipewa sura yake na Mmarekani mmoja, William Stewart Halsted.

Alizaliwa New York mwaka 1852, familia yenye uwezo. Chuoni Yale alijulikana kwa michezo kuliko vitabu. Alipoingia udaktari akabadilika kabisa, akahitimu 1877, kisha akaenda kujinoa Vienna na Ujerumani. Huko aliona vijana wakikaa miaka mingi chini ya bingwa mmoja. Kwao Marekani ilikuwa ukishapata cheti tu, unashika kisu.

Aliporudi 1880 alifanya kazi hospitali kadhaa kwa wakati mmoja, mchana na usiku. Mwaka 1882 alimpasua mama yake mzazi usiku, juu ya meza ya jikoni, akamtoa mawe ya nyongo. Mama akapona.

Shida ilianza 1884. Habari zilifika kwamba kokeini inatia ganzi jichoni. Halsted na wenzake wakaanza kujidunga wenyewe ili waone inavyofanya kazi kwenye mishipa ya fahamu. Ganzi waliipata, na hadi leo daktari wa meno anatumia njia hiyohiyo kwa dawa nyingine. Ila wao wakanasa. Baadhi ya wenzake uraibu uliwamaliza. Yeye alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, na badala ya kupona akajikuta anatumia na mofini.

Rafiki yake, William Welch, ndiye aliyemwokoa kwa kumpeleka Baltimore. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa huko 1889, Halsted akapewa upasuaji.

Hapo ndipo alipojenga mfumo wake. Madaktari vijana waliishi hospitalini kabisa, wakiitwa saa yoyote, malipo kiduchu, na suala la kuoa halikutakiwa. Hakuna aliyeambiwa atamaliza lini. Wengine walikaa miaka minane hivi, na mwenye neno la mwisho ni Halsted peke yake. Wengi walichujwa njiani. Waliobaki, kusema kweli, waliiva: Harvey Cushing, gwiji wa upasuaji wa ubongo, alitoka humo.

Cha ajabu, mwenyewe hakuishi hivyo. Kila majira ya joto alitoweka kwa wiki nyingi, na upasuaji mwingi akawaachia hao hao vijana. Watu walidhani ni tabia yake tu ya upole na kujitenga.

Alifariki Septemba 1922 baada ya kupasuliwa, tatizo likiwa nyongo lilelile la mama yake. Waliomshikia kisu walikuwa wanafunzi wake wa zamani.

Siri ikatoka 1969, maandishi ya siri ya daktari mwenzake, William Osler, yalipofunguliwa. Kumbe mofini hakuiacha alipofika Baltimore. Miaka yote ile aliyowabana vijana wasilale, alikuwa bado anaitumia.

Marekani yenyewe ilikuja kuweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa madaktari hao mwaka 2003.