Shaaban Robert, karani aliyeandika nyumba yake

Shaaban Robert anajulikana kama baba wa mashairi ya Kiswahili. Lakini sisi tunapenda wasomaji wa Salamabila wamjue kwa upande mwingine: alikuwa mtu wa mshahara, wa kuhamishwa-hamishwa, mwenye bibi na watoto.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, pwani ya Tanganyika. Alisoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaingia kazi ya karani wa duane chini ya serikali ya Waingereza. Humo alikaa mpaka 1944. Vita vya pili vya dunia vilikuwa havijaisha alipohamishiwa Mpwapwa, bara kabisa, mbali na bahari yake. Mwenye kuacha familia Kasongo ao Kabambare akafuata zahabu ya Namoya anajua safari ya namna hiyo.

Bibi yake Amina alipokufa, alimtungia shairi la kumuaga. Hapo njo tunaona ukubwa wake. Mwanaume wa wakati ule, kumlilia bibi yake mbele ya watu wote, tena kwa jina lake, haikuwa kitu cha kila siku. Watoto nao walibaki bila mama. Binti yake Mwanjaa akamtungia Utenzi wa Hati, kijana wake Suleiman Utenzi wa Adili. Hati ni karatasi ya haki, sawa na ile ya kiwanja. Karani hakuwa na mali kubwa ya kurithisha, basi aliwaachia maneno: namna ya kuishi na watu, kufanya kazi, kuchunga tabia. Na maisha yake mwenyewe aliyaandika katika Maisha Yangu. Alipopita miaka 50 akaongeza sehemu ya pili.

Tena kuna barua. Tangu 1931 mpaka 1958 alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge: habari za nyumba, za kazi, za makuta, na shida ya kupata mtu wa kuchapa vitabu vyake. Mambo madogo, utasema. Kumbe humo njo anaonekana mzima, kuliko hata katika vitabu vyake vikubwa. Siye wa leo tunapiga simu toka kwenye shimo, tunauliza mtoto amepona ao bado, inite zinaisha, na kesho hakuna hata neno moja la kusoma tena.

Alikufa Juni 1962, miaka 53, miezi michache tu nyuma ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa kwao Vibambani. Yusuf alikuwa amezitunza zile barua. Profesa Mulokozi wa Dar es Salaam akazipanga, zikatoka kitabu mwaka 2002, miaka 40 kisha mwandishi wake kuzikwa.