Seyyid Barghash na Maji ya Chemchem



Nilipopewa ukurasa huu niandike maisha ya mjenzi mmoja katika historia yetu, wenzangu wawili wanaosoma usanifu majengo walinihimiza nimwandike Sinan, yule aliyewajengea misikiti masultani wa Uturuki. Sinan anastahili, na atapata siku yake inshaallah. Mimi nimemchagua mtu wa karibu zaidi, ambaye hakuwahi kushika bima wala kuchora ramani ya nyumba: Seyyid Barghash bin Said, sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1870 mpaka 1888. Wanaomjua wanamjua kwa jengo moja, Beit al-Ajaib. Dai langu ni kwamba kazi yake bora ya ujenzi ni ile ambayo mtalii hapigi picha, kwa kuwa ilipita chini ya ardhi.

Mtu atauliza Barghash anatuhusu nini sisi wa Kigali. Ni kweli hakuitawala Rwanda hata siku moja. Zama zake nchi hii ilikuwa mikononi mwa Mwami Kigeri Rwabugiri, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani haikupata nafasi humu. Waislamu wa pwani walikuja kukaa Kigali baadaye, wakati wa Wajerumani, baada ya mji kuanzishwa mwaka 1907. Lakini Kiswahili cha Biryogo na Nyamirambo, kanzu zetu za Ijumaa, na desturi ya wazee kukaa nje ya nyumba jioni wakiwasalimia wapita njia, vyote vina undugu na pwani ile. Na swali lililomkabili Barghash ndilo linalotukabili kila tunapochangishana kwa ajili ya jengo: fedha ikipatikana, ianze kujenga nini, na kwa ajili ya nani?

Alizaliwa karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia ufalme wa Oman Zanzibar, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Tunaosoma fiqhi tunazijua hukumu za umm walad: mtoto wa suria ni huru, na katika mirathi yuko sawa na ndugu zake. Kwa hiyo Barghash hakujiona mdogo kwa yeyote. Mwaka 1856 baba yake alipofariki baharini akirudi kutoka Oman, Barghash alikuwa naye melini. Aliufikisha mwili wa baba nchi kavu, akauzika usiku, na usiku huohuo akajaribu kuutwaa utawala. Hakufanikiwa. Kiti kilikwenda kwa kaka yake, Majid.

Mwaka 1859 alijaribu tena. Safari hii dada zake walimo ndani ya njama, na mmojawapo, Salme, ambaye alikuwa bado msichana, alifanywa mwandishi wa barua za siri kwa sababu alijua kuandika, jambo la nadra kwa binti wa jumba la kifalme wakati ule. Waasi walijifungia katika shamba lililoitwa Marseille nje ya mji. Majid alisaidiwa na askari wa majini wa Kiingereza, uasi ukavunjwa, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapa ndipo maisha yake yanaponivutia zaidi. Bombay ulikuwa mji wa bahari ileile ya Hindi, wenye joto lilelile na pepo zilezile za msimu, na watu wengi kupita kiasi. Ulikuwa na tatizo la Zanzibar kwa ukubwa zaidi: maji ya visima na madimbwi hayakutosha wala hayakuwa safi. Waingereza walikuwa wakijenga bwawa la Vihar nje ya mji, na kazi ilimalizika mwaka 1860. Maji yakaanza kuingia mjini kwa mabomba. Barghash alikuwa Bombay wakati huo, kijana wa miaka ishirini na ushei, hana utawala, hana jeshi. Alirudi Zanzibar baada ya takriban miaka miwili, akanyamaza, akangoja.

Majid alifariki Oktoba 1870 na Barghash akakalia kiti. Alirithi mji uliokuwa umetoka tu kuzika maelfu ya watu wake: kipindupindu kiliupiga Unguja mwaka 1869 na kuendelea hadi 1870. Nyumba zilikuwa zimesongamana, na visima vifupi vilikuwa jirani na vyoo vya mashimo. Ugonjwa unaosafiri kwa maji ungetaka nini zaidi? Kisha Aprili 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu na kuzamisha meli bandarini, zikiwemo za sultani mwenyewe. Na mwaka 1873 Waingereza, wakiwa na manowari za kuthibitisha maneno yao, walimlazimisha kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia usafirishaji wao kwa bahari. Katika miaka mitatu ya kwanza, basi, alikuwa na kila sababu ya kutojenga chochote.

Akajenga. Katika utawala wake maji ya chemchemi, sehemu iitwayo Chemchem kaskazini ya mji, yalivutwa kwa mifereji na mabomba mpaka Mji Mkongwe, na watu wakayachota bure. Sentensi hii ni fupi, lakini nakuomba uikalie kidogo kama mtu wa Kigali. Wewe uliyepanga kilimani ukanunua dumu la maji wakati wa kiangazi unaelewa bei yake, na unaelewa mgongo wa anayelibeba. Unguja ya zamani waliokuwa wakibeba walikuwa wanawake na watumwa, mitungi kichwani, kutwa kutoka kisimani. Bomba linapofika mtaani, jambo la kwanza linalobadilika ni siku ya mtu yule. La pili ni tumbo la mtoto wake.

Na sisi tuna elimu ya jambo hili kabla ya Vihar na kabla ya Uingereza. Saad bin Ubada alipofiwa na mama yake alimuuliza Mtume (s.a.w.) sadaka iliyo bora, akaelekezwa kwenye maji, akachimba kisima. Uthman alikinunua kisima cha Ruma akakiachia Waislamu. Bibi Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, aliwajengea mahujaji njia ya maji iliyobeba jina lake kwa karne nyingi. Kwa hiyo naiweka kazi ya Barghash katika mlolongo huo, ingawa ufundi wa mabomba aliutoa kwingine. Wapo wanaosema aliiga tu Wazungu. Mimi naona aliiga alichokihitaji, na nia haina kiwanda Ulaya.

Mwaka 1875 alizuru Uingereza, akaiona London na miji ya viwanda kama Manchester, akarudi na hamu kubwa zaidi ya mashine na chuma. Alinunua meli zake mwenyewe, zikapeleka watu na mizigo Bombay na mahujaji Jeddah. Alianzisha mtambo wa kuchapa vitabu, ukatoa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi. Na mwaka 1883 likasimama Beit al-Ajaib.

Ili uelewe ajabu yake, lazima ujue nyumba za kawaida za mji ule. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazochelewa kupata joto. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake, vyumba vikawa virefu na vyembamba: mti wa baharini ndio uliokuwa unaamua upana wa chumba cha binadamu. Nje, kwenye ukuta wa mbele, baraza ya mawe ya kukalia wenye nyumba na wapita njia. Sijaona somo bora la usanifu kuliko baraza hiyo. Ni sehemu ya nyumba ambayo mwenyewe ameitoa kwa mtaa, na haimgharimu chochote zaidi ya chokaa.

Beit al-Ajaib lilichukua mazingira yaleyale likayajibu kwa ukubwa mwingine. Matumbawe yapo, chokaa ipo, lakini roshani pana zimebebwa na nguzo ndefu za chuma kilichoyeyushwa, zikizunguka jengo ghorofa juu ya ghorofa, kwa hiyo jua haligusi ukuta wa ndani na upepo wa bahari unaingia kutoka kila upande. Katikati kuna ua mkubwa. Milango imechongwa na kunakshiwa aya za Qur'ani. Ndilo lililokuwa jengo refu kuliko yote mjini, na taa za umeme zilipowashwa humo watu walikuja kuzitazama kama muujiza. Jina halikuja hivi hivi. Nikilipima kwa upande wa jua na upepo, nalipa alama za juu sana, juu kuliko majengo ya vioo tunayoyaona yakipanda hapa mjini kwetu, ambayo yanakusanya jua halafu yanadai mashine ya kulitoa. Nikilipima kwa upande wa watu nasitasita. Lilikuwa jumba la sherehe. Sultani alifanya baraza zake na raia walileta mashitaka yao, ndiyo, lakini mvuvi hakuingia humo kupumzika.

Alipoweza kuingia ni hamamu. Barghash alimwagiza fundi wa Kishirazi, Haji Gulamhussein, ajenge bafu za umma katikati ya mji, zenye vyumba vya maji moto na maji baridi, kwa mtindo wa Uajemi. Na nje ya mji, Marhubi, alijenga kasri jingine kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake, ndani ya ukuta mrefu na bustani ya miembe. Huyu ndiye mtu mmoja: maji kwa kila mtu upande huu, na ukuta upande ule.

Siwezi kuandika habari zake nikaiacha fedha. Mapato ya sultani yalitoka katika ushuru wa forodha, karafuu na pembe za ndovu. Nyuma ya karafuu kulikuwa na watumwa wa mashambani, na nyuma ya pembe kulikuwa na misafara iliyoipita bara, pamoja na nchi jirani zetu, ikiacha vijiji vimechomwa. Mkataba wa 1873 ulifunga soko. Utumwa wenyewe uliendelea Unguja mpaka mwaka 1897, miaka tisa baada yake. Nimewasikia ndugu wakisema tusiyaguse haya, tutawapa watu la kusema. Nadhani kinyume chake. Tunafundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mwema na hapokei ila kilicho chema, na mwanafunzi wa dini akilificha swali la chumo ili jengo lionekane zuri, atakuwa amesoma nini? Wapo waliokunywa maji ya Barghash bure wakiwa wenyewe wananunuliwa. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili yalikuwepo.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kunyang'anywa. Mapema mwaka 1885 Wajerumani walitangaza kuzichukua nchi za bara alizodai ni zake, na alipopinga, manowari zao zikaja Agosti kutia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikitazama zile roshani. Katika msafara huo alikuwemo Salme, dada yake mwandishi wa barua, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameishi Ujerumani kama mke kisha mjane wa Mjerumani. Barghash hakukubali kuonana naye. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani waligawana, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Hivyo ndivyo mlango ulivyofunguka ambao baadaye Wajerumani waliupitia hadi huku kwetu.

Alikuwa mgonjwa. Alikwenda Oman kutafuta nafuu, akarudi Zanzibar Machi 1888, na mwezi huohuo akafariki, umri ukiwa kama miaka hamsini. Amezikwa Mji Mkongwe, katika makaburi ya jamaa yake.

Majengo yake hayakupata bahati moja. Marhubi iliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo na miembe. Beit al-Ajaib lilinusurika mizinga ya Waingereza mwaka 1896, katika vita vilivyokwisha chini ya saa moja, likawa ofisi za serikali ya kikoloni, halafu jumba la makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Hamamu ilifungwa karibu mwaka 1920 na mabirika yake yamekauka, lakini muulize mtu yeyote wa Unguja akuelekeze mtaa ule, atakwambia unakwenda Hamamni.