Maisha ya Ibrahimu, Mrithi Aliyenunua Kaburi

Ibrahimu ni mzee anayeheshimiwa na Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Lakini wachache hukumbuka kwamba mtu huyu, aliyeahidiwa nchi nzima, alikufa akiwa na shamba moja tu, nalo lilikuwa la kuzikia. Tukilifikiri sana jambo hilo, tutafahamu vizuri zaidi Wakristo wana maana gani wanapozitaja ahadi za Mungu.

Habari zake zimo katika kitabu cha Mwanzo, tangu mwisho wa sura ya 11 hata sura ya 25. Hapo kwanza aliitwa Abramu, mwana wa Tera. Jamaa zake walitoka Uru ya Wakaldayo. Wataalamu wengi husema mji huo ulikuwa kusini mwa Iraki, mahali ambapo Mwingereza Leonard Woolley alichimbua magofu tangu mwaka 1922 hata 1934. Alikuta mabaki ya mji mkubwa, wenye nyumba za matofali na makaburi ya kifalme yenye dhahabu. Kutoka huko jamaa ya Tera walisafiri zaidi ya kilometa 900 hata Harani, ambako leo ni Uturuki.

Abramu alipokuwa na umri wa miaka 75, Mungu alimwita aiache nchi yake na watu wake. Aliahidiwa mambo matatu: nchi, uzao mwingi, na ya kwamba kwa yeye jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Basi akaondoka pamoja na mkewe Sarai, aliyekuwa tasa, na Lutu, mwana wa ndugu yake. Walipofika Kanaani waliwakuta Wakanaani wamekwisha kaa. Ahadi ilikuwa yake, lakini nchi ilikuwa na wenyewe.

Kwa miaka mingi alihamahama na mifugo yake, akikaa hemani. Wachungaji wake na wa Lutu walipogombania malisho, yeye aliye mkubwa alimwachia mdogo achague kwanza. Baadaye Lutu alipotekwa vitani, Abramu aliwatoa watu 318 wa nyumbani mwake, akawafuata adui hata Dani, akamwokoa. Kwa hiyo nguvu alikuwa nazo, wala hakuzitumia kumnyang'anya mtu ardhi.

Tusidhani kwamba hakuwa na makosa. Mara mbili, huko Misri na huko Gerari, aliogopa kuuawa, akaficha kwamba Sara ni mkewe. Tena, walipochoka kungoja mtoto, Sarai alimtoa kijakazi wake Hajiri, Mmisri, amzalie Abramu. Hivyo Ishmaeli akazaliwa, Abramu akiwa na miaka 86. Miaka 13 baadaye Mungu aliwapa majina mapya, Ibrahimu na Sara, na Ibrahimu alipokuwa na miaka 100, Sara alimzaa Isaka. Ndipo Hajiri na mwanawe walipofukuzwa, wakaenda jangwani na mkate na kiriba cha maji. Maji yakawaishia, lakini Mungu alisikia kilio chao, akawaponya. Kisha Ibrahimu mwenyewe akajaribiwa katika nchi ya Moria, alipoambiwa amtoe Isaka awe sadaka. Mkono wake ulizuiwa, na kondoo dume akachinjwa badala ya kijana.

Sara alikufa Hebroni, umri wake miaka 127. Ibrahimu alikuwa na miaka 137, na katika Kanaani alikuwa amekaa miaka 62, lakini hakuwa na mahali pa kumzika mkewe. Akawaendea Wahiti, akawainamia, akajitaja kuwa mgeni kwao. Efroni alisema kwamba atampa shamba bure pamoja na pango lake la Makpela. Ibrahimu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu waliokuwapo langoni mwa mji, na shamba, pango na miti yake vikawa mali yake. Kitolewacho bure leo chaweza kudaiwa kesho, lakini kilichonunuliwa mbele ya mashahidi hakina maneno.

Ibrahimu alikufa akiwa na miaka 175. Isaka na Ishmaeli, ndugu waliotenganishwa, walikuja wakamzika pamoja katika pango hilo. Tukifanya hesabu, twaona kwamba Isaka alikuwa na miaka 75, na watoto wake pacha, Esau na Yakobo, walikuwa na miaka 15. Ibrahimu alikuwa na wana wengine, lakini katika ukoo wa ahadi aliacha mwana mmoja na wajukuu wawili. Hao ndio mwanzo wa uzao ulioahidiwa kuwa wengi kama nyota.

Je, ahadi ilishindwa? Mtume Paulo aliwaonyesha Warumi kwamba Ibrahimu alihesabiwa haki kwa kuamini, kabla hajatahiriwa. Aliwaandikia Wagalatia kwamba torati ilikuja miaka 430 baadaye, wala haikuweza kuitangua ahadi. Maana yake, ahadi haikuwa mshahara wa kazi, na makosa ya Ibrahimu hayakuivunja, kwa sababu msingi wake ulikuwa uaminifu wa yule aliyeitoa. Wakristo huamini kwamba baraka ya jamaa zote ilitimia katika Yesu Kristo, naye alizaliwa katika ukoo huo muda mrefu baada ya Ibrahimu kuzikwa. Kwa sababu hiyo wamisionari waliofika Buganda mwaka 1877 waliweza kuwahubiri watu wasiokuwa Waebrania kwamba wao pia waweza kuhesabiwa wana wa Ibrahimu.

Twasema mvumilivu hula mbivu. Ibrahimu alivumilia, lakini mbivu nyingi zililiwa na wengine. Kwetu pia wako wazee waliouza ng'ombe ili mtoto apate karo, wakafa kabla hajamaliza shule. Hatuwezi kusema kwamba walipoteza mali yao bure. Nasi tusomao tukumbuke kwamba si kila jema tunalolianza tutaliona mwisho wake. Tulianze hivyo hivyo, kwa haki, bila kumdhulumu mtu, kama mzee yule aliyelipa fedha kamili kwa ajili ya kaburi katika nchi aliyokwisha kuahidiwa.