Sherrington, mzee aliyefuatilia siri ya goti kuruka

Ile nyundo ndogo ya mpira ambayo daktari hukugonga nayo chini ya goti, mguu ukaruka wenyewe, iliwahi kuzua ubishi mkali. Kuna madaktari walioshikilia kuwa ni msuli tu umeshtuka. Wengine wakasema hapana, ujumbe unapitia uti wa mgongo. Charles Sherrington, aliyezaliwa London mwaka wa 1857, aliamua kufuatilia neva moja moja.

Mnamo 1894 alionyesha kwamba sehemu kubwa ya neva zinazoingia kwenye msuli hazibebi amri kabisa. Zinabeba habari. Yaani msuli nao unaripoti! Miaka mitatu baadaye, pale neva mbili zinapokutana pakapewa jina analolijua kila mwanafunzi wa bayolojia: sinapsi.

Mwaka wa 1915, vita vimepamba moto, profesa huyu wa Oxford alienda kupiga kazi kwenye kiwanda cha makombora kule Birmingham, achunguze uchovu wa wafanyakazi. Akiwa na miaka 57, jameni.

Jibu kamili lilikuja 1924, akiwa na mwenzake Edward Liddell. Walitumia paka waliokatwa sehemu ya juu ya ubongo (ukipenda paka, pole sana). Walipovuta msuli milimita chache tu, ulivuta kurudi. Walipokata neva, ukalegea. Basi njia ni hii: msuli ukinyooshwa ghafla, vihisio vilivyo ndani yake vinatuma habari hadi uti wa mgongo, na amri inarudi papo hapo: jikaze. Msuli wa upande wa pili unaambiwa ulegee. Ubongo haungojewi.

Bila hiyo kitu, kusimama tu kungekuwa noma. Ukiyumba mbele kidogo, misuli ya nyuma ya mguu inanyooka, inajikaza, inasaidia kukurudisha. Na daktari anasoma mengi hapo. Goti moja likikosa kuruka ilhali jingine linaruka, huenda neva ya upande huo ina shida. Likiruka kupita kiasi, anaanza kushuku ubongo au uti wa mgongo.

Sherrington alipokea tuzo ya Nobel mwaka wa 1932, pamoja na Edgar Adrian, akiwa na miaka 75. Alifariki 1952. Mwanafunzi wake John Eccles aliendelea kuchimba mambo ya neva, naye akapata Nobel yake 1963.