Hildegard wa Bingen: Mtawa aliyetetea wimbo katika bonde la mvinyo

MWAKA wa 1178, wakuu wa kanisa mjini Mainz, Ujerumani, walipiga marufuku nyimbo katika makao ya watawa ya Rupertsberg. Kiongozi wa makao hayo, Hildegard, alikuwa na umri wa miaka 80.

Kosa lake lilikuwa kumzika kabaila aliyewahi kutengwa na kanisa. Wakuu hao walitaka maiti ifukuliwe. Hildegard alikataa, akishikilia kuwa marehemu alikuwa amepatanishwa na kanisa kabla ya kufa. Watawa wakanyimwa misa na ekaristi, na sala zao zikawa za kunong'onwa.

Adhabu hiyo ilimchoma pabaya. Hildegard, aliyezaliwa mwaka wa 1098, alikuwa ameingia utawani Disibodenberg mnamo 1112, akiwa chini ya malezi ya Jutta wa Sponheim. Jutta alipofariki mwaka wa 1136, watawa wenzake walimchagua kuwaongoza. Mnamo 1141 alianza kuandika maono yake katika kitabu Scivias, kazi iliyomchukua miaka 10. Yapata mwaka wa 1150, licha ya pingamizi za abati wake, aliwahamishia watawa wapatao 20 Rupertsberg, karibu na mji wa Bingen. Mnamo 1165 alianzisha makao mengine Eibingen, ng'ambo ya mto Rhine.

Alitunga nyimbo zaidi ya 70, pamoja na Ordo Virtutum, mchezo wa kuimbwa ambamo Shetani pekee ndiye asiyeimba.

Bonde la Rhine ni nchi ya mizabibu, na mvinyo umo tele katika maandishi yake ya tiba. Wenye maumivu ya moyo aliwaagizia mvinyo uliochemshwa pamoja na kotmiri na asali.

Hildegard hakunyamaza mbele ya marufuku hiyo. Aliwaandikia wakuu wa Mainz waraka akieleza kuwa muziki ni mabaki ya sauti aliyokuwa nayo Adamu kabla ya dhambi, na kwamba anayeuzima bila haki atajibu mbele ya Mungu. Machi 1179 marufuku ikaondolewa. Miezi sita baadaye, Septemba 17, Hildegard alifariki.

Rupertsberg iliteketezwa na wanajeshi wa Uswidi mwaka wa 1632. Hata hivyo, tangu 1904 watawa wanaishi katika makao mapya yenye jina lake, juu ya kijiji cha Eibingen. Huko wanaimba sala kila siku na kulima mizabibu ya Riesling, zabibu za mvinyo mweupe. Katika eneo hilo la Rheingau, ni desturi ya kale kuulaza mvinyo huo katika mapipa ya mwaloni ya lita 1,200, ambamo hewa hupenya polepole na kuutuliza ukali wake.

Mwaka wa 2012, Papa Benedict wa 16 alimtangaza Hildegard kuwa mtakatifu wa kanisa zima, kisha Mwalimu wa Kanisa.