Charlotte Brontë na Ufalme wa Barua

Wengi wanalijua jina la Charlotte Brontë kwa riwaya yake ya Jane Eyre, iliyotoka London mwaka 1847. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo alikaa zaidi ya miaka kumi katika mchezo wa kubuni, na kwamba mchezo huo ulifika hadi ukachezwa kwa barua. Mimi naona hicho ndicho chuo kilichomlea.

Alizaliwa Aprili 21, 1816, kijijini Thornton, katika jimbo la Yorkshire, Uingereza. Baba yake, Patrick, alikuwa kasisi mzaliwa wa Ireland. Mama alifariki mwaka 1821, na mwaka 1825 wakafa dada zake wawili wakubwa. Wakasalia wanne: Charlotte, nduguye Branwell, Emily na Anne, katika nyumba ya kasisi huko Haworth.

Mwaka 1826 baba alirudi kutoka Leeds na askari 12 wa mti, zawadi ya Branwell. Charlotte alimchagua mmoja akamwita Wellington; Branwell wake akamwita Bonaparte. Wakawajengea askari hao mji, Mji wa Kioo, nao watoto wenyewe wakawa majini wakuu wenye kuua na kufufua, kama walivyosoma katika Alfu Lela Ulela. Habari za mji wakaziandika katika vijitabu vidogo mno, kwa hati ya kuwatosha askari kusoma.

Na mji huo waliuweka wapi? Pwani ya Afrika Magharibi, kwenye ardhi ya Waashanti. Hapa mimi husita. Bara letu lilikwisha kukatwa juu ya meza ya watoto karibu miaka 60 kabla ya mkutano wa Berlin wa 1884. Watoto walicheza yale waliyoyasikia kwa wakubwa wao.

Mwaka 1834 Charlotte na Branwell walianzisha dola mpya, Angria. Charlotte alimwendesha mfalme Zamorna. Branwell alimwendesha Northangerland, mkwewe Zamorna na hasimu wake. Mwaka uliofuata Charlotte akaenda kufundisha katika shule ya Roe Head. Mchezo haukufa. Ndugu hao wakaendelea kupashana habari za Angria kwa barua, mmoja akizusha vita na mwenzake akijibu, mfano wa washairi wetu wanapojibizana. Mwaka 1836 Branwell akaazimia kumuua Mary, mke wa Zamorna. Charlotte, huko mbali na amechoshwa na wanafunzi, akawa hana raha, hajui kama malkia amekufa kweli au yu hai. Mwishowe alishika kalamu akamrudisha duniani.

Utamu huo ulimtisha. Mwaka 1837 mshairi Robert Southey alimwonya juu ya ndoto za mchana, akamwambia pia kuwa uandishi si kazi ya mwanamke. Onyo la kwanza alilizingatia. La pili hakulikubali. Mnamo 1839 aliiaga Angria kwa maandishi, akaanza kuandika juu ya watu wa kawaida. Jane Eyre ni mwalimu maskini asiye na uzuri wala ufalme, lakini ukali wa Zamorna nauona kwa bwana Rochester. Kitabu kilitoka kwa jina la kubuni, Currer Bell.

Branwell hakuaga. Mashairi yake aliyachapisha magazetini kwa jina la Northangerland. Akazama katika pombe na afyuni, akafa Septemba 1848, umri wake miaka 31. Emily alimfuata Desemba, Anne Mei 1849. Charlotte aliolewa mwaka 1854, akafariki Machi 31, 1855, hajatimiza miaka 39.

Wazazi, mwana anayebuni miji yake asikemewe, apewe karatasi. Lakini afunzwe pia kwamba iko siku ya kuiaga.